UZI: Tulsi si kivumbasi wala si mrihani. Matumizi yake ya dawa na ya jikoni, kutoka uani kwa Wahindu hadi kwenye kaango la Kithai

Bandiko la 1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mara tatu mwezi huu nimesoma ushauri unaosema kwamba tulsi ya Wahindi ni kivumbasi chetu kile kile, na kwamba mwenye kivumbasi nyuma ya nyumba hana haja ya kutafuta kingine. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una kosa, na kosa lenyewe linaweza kumfanya mtu anywe kitu asichokijua kwa ajili ya ugonjwa ambao hajapimwa. Mimi nimeishi na mmea huu kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kupitia kwa jirani yetu wa Kigujarati pale Tanga, kisha katika jiko la hoteli moja ya Unguja ambako mpishi wetu mkuu alikuwa Mthai. Naomba nieleze kwa kirefu ninachokifahamu, na wenye elimu zaidi yangu wanisahihishe.

Tuanze na jina. Wataalamu wa mimea huuita Ocimum tenuiflorum, jina lililoandikwa mwaka 1753 na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Mwaka 1767 Linnaeus huyo huyo aliandika jina jingine, Ocimum sanctum, ambalo neno lake la pili maana yake ni takatifu, na hadi leo pakiti nyingi za dawa za asili hubeba jina hilo. Jenasi ya Ocimum, yaani kundi la mimea yenye udugu wa karibu, ni pana. Humo ndimo ulimo mrihani wetu, ambao ni Ocimum basilicum, na humo ndimo imo mimea ambayo watu wa pwani na bara huiita kivumbasi, jina ambalo hutumika kwa aina zaidi ya moja kutegemea uko wapi. Yote hiyo ni jamaa ya nanaa, na ndiyo sababu mashina yake yana pembe nne ambazo utazihisi ukilizungusha shina bichi kati ya kidole gumba na cha shahada. Udugu huo ndio unaowachanganya watu.

Sasa chukua kijiti cha tulsi ukiweke karibu na cha mrihani. Shina la tulsi lina vinyweleo vinavyoonekana kwa macho, jani lake ni dogo, halina mng'aro, na kingo zake zina meno meno, ilhali jani la mrihani ni nyororo, linang'aa na limebinuka kidogo kama kijiko. Maua ya tulsi ni ya zambarau hafifu, yamejipanga kwa vikundi vya duara juu ya kikonyo kirefu. Ukimaliza kutazama, sugua jani kiganjani na unuse. Mrihani utakupa utamu wa manukato, lakini tulsi itakupa karafuu, na mtu aliyekulia Pemba hahitaji kuambiwa mara mbili. Kufanana huko kuna sababu: mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli hiyo hiyo imo katika mafuta ya tulsi, ingawa kiasi chake hutofautiana kulingana na aina ya mmea, udongo na umri wa jani.

Lazima niongeze tahadhari hapa, kwa sababu pua peke yake inaweza kukudanganya. Kuna mmea mwingine wa jenasi hiyo, Ocimum gratissimum, unaomea Afrika na Asia pia, na baadhi yake hunuka karafuu vilevile. Wahindi wenyewe huuita vana tulsi, yaani tulsi ya msituni. Huo ni kichaka hasa, hufikia kimo cha mtu mzima, na majani yake ni mapana. Tulsi ya nyumbani ni mmea mdogo ambao kwa kawaida huishia kati ya sentimita 30 na 60. Nayo ina sura mbili zinazojulikana zaidi: Rama tulsi yenye majani ya kijani, na Krishna tulsi, ambayo wengine huiita Shyama, yenye shina na majani yanayoelekea zambarau na harufu kali zaidi.

Jirani yetu wa Tanga tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Tulsi yake ilikuwa katikati ya ua, juu ya kijiukuta kilichojengwa kwa ajili yake tu, na kila asubuhi alipotoka kuoga alikuja pekupeku na kopo la shaba, akaimwagia maji polepole shinani huku midomo yake ikicheza kwa dua. Magharibi aliwasha utambi ndani ya kibakuli kidogo cha samli na kukiweka miguuni pake. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi nilipotumwa na mama kuomba majani kwa ajili ya kikohozi cha mdogo wangu. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nikanyoosha mkono kuchuma, na Ba akanishika kifundo cha mkono kwa upole sana, akasema, "Sasa amelala. Njoo asubuhi." Kisha akaingia ndani akaniletea majani makavu kutoka kwenye kopo la bati. Wahindu wengi hawachumi tulsi baada ya jua kutua, na wengi hawaichumi siku ya Jumapili wala siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambayo wanaiita Ekadashi.

Heshima hiyo ina kisa chake. Wanasimulia kwamba Vrinda alikuwa mke mwaminifu wa Jalandhara, na uaminifu wake ndio uliomfanya mumewe asishindike vitani, mpaka mungu Vishnu alipomjia kwa sura ya mumewe na kumhadaa. Vrinda akamlaani, akafa, na akawa mmea wa tulsi, naye Vishnu akawa jiwe jeusi la shaligramu, ambalo mpaka leo huokotwa katika mto Gandaki nchini Nepali. Ndiyo maana kila mwaka katika mwezi wa Kartik, kati ya Oktoba na Novemba, hufanyika Tulsi Vivah, yaani harusi ya tulsi, ambapo mmea huvishwa kitambaa chekundu na mapambo kama bibi harusi na kuozwa kwa Vishnu. Baada ya siku hiyo ndipo msimu wa harusi za watu unapofunguliwa. Katika mahekalu ya Vishnu waumini hupewa maji yaliyotiwa majani ya tulsi wayanywe kutoka kiganjani, na mtu anayekata roho hutiwa mdomoni jani la tulsi pamoja na maji ya mto Ganga.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloeleza matumizi ya jikoni. Mmea unaohesabiwa kuwa mama wa nyumba hautupwi ndani ya sufuria ya mchuzi pamoja na vitunguu. Katika nyumba nyingi za Kihindu jani la tulsi huwekwa juu ya chakula kinachotolewa kwa Vishnu, huelea juu ya panchamrit, kinywaji cha maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, na huingia katika chai. Baada ya hapo ni dawa. Hata jani linalomezwa asubuhi na mapema wengi humeza zima bila kulitafuna.

Na dawa hiyo ni ya kale. Charaka Samhita, kitabu cha msingi cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huutaja mmea huu kwa jina la surasa na kusema unaondoa kwikwi, kikohozi, sumu, shida ya kupumua, maumivu ya ubavu na harufu mbaya. Kwa hesabu ya Ayurveda, tulsi ni ya moto: hupunguza kapha, yaani ubaridi na makamasi, na hupunguza vata, yaani upepo, lakini huongeza pitta, yaani joto la nyongo. Msomaji wa pwani aliyesikia wazee wakigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi atalielewa jambo hili mara moja. Kwa hiyo mganga wa Ayurveda hampi tulsi kila mtu. Mwenye kiungulia na mwili unaowaka hupewa kitu kingine.

Kinywaji kikuu ni kadha, nacho kinatofautiana na chai. Ba alikuwa akichukua majani kumi au kumi na mawili mabichi, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa pingili ya kidole kilichopondwa, na punje nne au tano za pilipili manga, akavitia katika vikombe viwili vya maji na kuchemsha kwa moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, mpaka kibaki kikombe kimoja. Akichuja alitia sukari guru. Kama alitaka asali alisubiri kwanza kinywaji kipoe, kwa kuwa Ayurveda inakataza asali kutiwa katika kitu cha moto. Kikombe hicho hunywewa kidogo kidogo kwa mafua, kikohozi na koo linalowasha. Mwezi wa Aprili 2020 Wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za jadi na iliyoundwa mwaka 2014, ilipendekeza mchanganyiko wa namna hiyo uliopimwa: sehemu nne za tulsi, mbili za mdalasini, mbili za tangawizi kavu na moja ya pilipili manga. Wizara ilisema ni wa kuimarisha kinga ya mwili. Wale waliouandika humu kuwa ni tiba ya korona waliongeza maneno ambayo hayakuwamo.

Sasa twende Thailand, kwa sababu huko mmea huu huu una maisha mengine kabisa.

Wathai wanauita kaphrao. Mpishi wetu pale Unguja, mtu wa Chiang Mai, aliona tulsi kwenye chungu mbele ya duka la Mhindi mmoja Darajani, akasimama kana kwamba ameonana na ndugu yake. Alishangaa kusikia kwamba mwenye duka haipiki. Kwao phat kaphrao ni chakula cha kila siku, cha mchana kwa mfanyakazi na cha usiku kwa dereva wa teksi, na huuzwa karibu kila mtaa.

Nimemtazama akikipika mara nyingi mno, kwa hiyo niruhusuni nikieleze kama kilivyo. Hutwanga vitunguu saumu na pilipili kichaa pamoja katika kinu cha jiwe, si mpaka vilainike, ila vipasuke tu na kutoa maji. Kaango la chuma huwekwa kwenye moto mkali mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba, ndipo kile kilichotwangwa hutupwa ndani, na hapo jiko zima hukohoa. Nyama iliyokatwakatwa kwa kisu, ya kuku au ya ng'ombe, na kwao mara nyingi ya nguruwe, hufuata na kugeuzwa kwa haraka. Kisha huingia sosi ya samaki, sosi ya chaza kidogo, na chembe za sukari. Moto huzimwa, na hapo ndipo konzi nzima ya majani ya kaphrao hutiwa na kupinduliwa mara mbili au tatu mpaka yanywee. Majani hukaa katika joto hilo kwa sekunde chache tu, kwa maana harufu ile ya karafuu ni mafuta mepesi, na ukiyachelewesha yanapaa na mvuke na kukuachia majani meusi yasiyo na ladha. Chakula hupakuliwa juu ya wali mweupe pamoja na yai lililokaangwa katika mafuta mengi, kingo zake zikiwa zimekauka kama lesi na kiini bado ni uji. Wathai wenyewe hugombana vikali juu ya wapishi wanaoongeza maharage marefu au vitunguu maji, na mpishi wetu alikuwa katika kundi la wasiotaka kusikia habari hizo.

Jiko la Thailand huweka mipaka ambayo sisi hatuiweki. Wana mirihani mitatu yenye kazi tatu. Kaphrao ni wa moto mkali, na pia wa kaeng pa, mchuzi wa msituni usiotiwa tui, ambamo ukali wake hukata harufu ya nyama ya mwitu na samaki wa mtoni. Horapha, ambao kwa spishi ni ndugu wa karibu wa mrihani wetu na una harufu inayokaribia shamari, ni wa mchuzi wa kijani wa tui la nazi. Maenglak, wenye harufu ya limau, ni wa supu nyepesi kama kaeng liang, ambayo wanawake waliojifungua hupewa ili maziwa yatoke. Mbegu zake hulowekwa zikavimba na kuzungukwa na utelezi, kama zile mbegu nyeusi mnazoziona kwenye faluda. Na kaphrao nayo haikosi cheo cha dawa huko: mzee aliyejaa gesi tumboni hupewa maji ya majani yake ya moto.

Nitaendelea na maswali yenu hapo chini.

Bandiko la 2. Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, umenikumbusha nyanya yangu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa fundi wa vikuba: asumini, mrihani, mkadi na maua ya waridi, vyote vikifungwa kwa uzi na kuvaliwa na wanawake kwenye harusi. Palikuwa na tulsi kwa majirani wa Kihindu ukuta kwa ukuta nasi, na yeye aliiita mrihani wa Kihindi, lakini hata mara moja hakuitia katika kikuba. Nilipomwuliza alisema kwamba harufu yake ni ya dawa, haina raha. Swali langu ni moja: nyumbani tuna mrihani wenye majani mekundu mekundu. Je, huo ndio Krishna tulsi?

Bandiko la 3. Mwanzisha uzi

Dada, ahsante, na maneno ya nyanya yako ni kipimo kizuri kuliko vipimo vyangu vyote. Rangi haitoshi kuamua, kwa kuwa mrihani wa kawaida pia una aina za majani ya zambarau. Angalia vinyweleo vya shina, kisha sugua jani. Likikupa harufu ile ya kikuba, ni mrihani, hata liwe jekundu kama damu ya mzee. Likikupa karafuu na ukakasi kidogo puani, na jani liwe dogo lenye meno, hapo una tulsi.

Nami niseme kosa langu mwenyewe, ili lisaidie wengine. Miaka sita iliyopita nilinunua pakiti ya majani makavu katika duka moja la dawa za asili, imeandikwa tulsi kwa herufi kubwa. Nilipoifungua nikakuta majani mapana yaliyovunjika yenye harufu ya majani ya shambani tu, pamoja na vijiti vinene vya kichaka. Niliyachemsha kwa ukaidi, nikanywa siku tatu, na sikupata chochote isipokuwa kichefuchefu. Jani likishakauka na kusagwa, si rahisi kwa mnunuzi kulitambua, kwa hiyo tangu siku hiyo sinunui tulsi ya unga. Nanunua mche au nachuma ninachokiona.

Bandiko la 4. Mchangiaji kutoka Dodoma

Shikamoo kwa wakubwa wote humu. Mama yangu ana kisukari na anatumia vidonge kwa miaka minane sasa. Mtu amemwambia kwamba akinywa tulsi kila asubuhi kwa miezi mitatu ataachana na vidonge. Tayari amepunguza kidonge cha jioni bila kumwambia daktari. Nifanye nini?

Bandiko la 5. Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Jambo la kwanza ni mama arudi kwenye dozi yake kama alivyoandikiwa, na kesho asubuhi mpeleke kliniki akapimwe sukari na aeleze yote mawili, kidonge alichopunguza na majani anayokunywa. Asione haya kulitaja. Wauguzi wanahitaji kulijua.

Sababu ni hii. Tulsi imechunguzwa kwa binadamu, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilikusanya majaribio 24 ya namna hiyo. Baadhi yalionyesha sukari ya damu ikishuka kwa wagonjwa, na mengine yaligusa msongo wa mawazo na kinga ya mwili. Hilo ni jambo la kutia moyo, nami ninafurahi kuliona, lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na hakuna mahali palipothibitishwa kwamba kikombe cha majani kinachukua nafasi ya dawa ya kisukari. Tena hatari iko pande zote mbili. Akiacha vidonge, sukari itapanda kimyakimya na kuharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Akinywa vidonge na tulsi nyingi kwa pamoja, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na hapo utamwona anatetemeka, anatoka jasho la baridi na maneno yanampotea. Ikitokea hivyo, mpe kitu chenye sukari haraka kama bado anaweza kumeza, na umwahishe hospitali.

Kwa kuwa tumefika hapo, nitaje na wengine wanaopaswa kujizuia. Majaribio ya wanyama yameonyesha tulsi kwa wingi ikigusa uzazi, kwa hiyo mjamzito na anayetafuta mimba wasiifanye kinywaji cha kila siku. Eujenoli hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwulize daktari kwanza. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kama nyanya zetu walichanganya maji ya tulsi na asali kwa kikohozi, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvishinda.

Bandiko la 6. Mchangiaji kutoka Dodoma

Nimeelewa, na nashukuru sana. Nimemwonyesha mama maandishi haya, na kesho tunakwenda.

Bandiko la 7. Mchangiaji kutoka Morogoro

Mimi natetea kivumbasi kidogo. Mwaka 2020 tulipokuwa tunapiga nyungu, sufuria yetu ilikuwa na mchaichai, majani ya mpera, mkaratusi, malimau na kivumbasi, na kifua kilifunguka kweli. Mbu nao wanakikimbia. Kwa nini tuhangaike na mmea wa Wahindi?

Bandiko la 8. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kivumbasi sikidharau, nami ninacho kando ya mlango. Kwa kujifukiza na kwa kufukuza mbu kimetutumikia vizazi na vizazi, na sioni sababu ya kukiacha. Ninachopinga ni mtu kuchukua kipimo cha kadha, kilichofanyiwa kazi India kwa mmea mmoja, akakihamishia kwenye mmea mwingine wenye mafuta tofauti na kisha akakinywa kila siku. Kujifukiza ni mvuke, kunywa ni tumbo na ini. Kama una kivumbasi, kitumie kwa namna wazee wa kwenu walivyokitumia. Ukitaka kadha ya tulsi, tafuta tulsi.

Na kwenye mvuke pia tuwe waangalifu, sufuria ya maji yanayochemka isiwekwe karibu na mtoto chini ya blanketi.

Bandiko la 9. Mchangiaji kutoka Muscat

Huku Muscat tuna mikahawa ya Kithai, na chakula hicho nimekipenda. Nyumbani nimejaribu kwa mrihani kwa sababu kaphrao sikuipata sokoni, lakini ladha ilikuwa tamu tamu na mpole. Kuna namna ya kukaribia?

Bandiko la 10. Mwanzisha uzi

Ukitumia mrihani umepika chakula kingine chenye haki yake, na Wathai wakitumia horapha hukiita phat horapha bila kuona aibu. Mpishi wetu alipokosa kaphrao alifanya hivyo hivyo, akabadilisha na jina kwenye ubao wa siku hiyo. Nami nilipomwuliza kama angeweza kusaga karafuu moja akainyunyiza ili kuiga harufu, alikataa, na baadaye nilipojaribu peke yangu nikajua sababu. Karafuu kavu inabaki ulimini kama dawa ya meno, haina ule ukijani wa jani.

Kwa Muscat ningekushauri uwaulize Wahindi wanaouza miche. Kwao tulsi haikosekani, na mche mmoja kwenye dirisha lenye jua utakupa konzi ya majani kila baada ya wiki mbili au tatu. Ila ukiuomba kwa mtu anayeuabudu, usimwambie kwanza habari za kaango. Si kwamba umdanganye, bali mnunulie mche, umshukuru, na uheshimu imani yake.

Bandiko la 11. Mchangiaji kutoka Mombasa

Na kuukuza je? Nimepewa mbegu, ni ndogo kama vumbi.

Bandiko la 12. Mwanzisha uzi

Dada, mbegu hizo usizizike. Lainisha udongo kwenye kibakuli chenye matundu, lowanisha, nyunyiza mbegu juu, kisha zikandamize kidogo kwa kiganja ili zishike. Nyunyizia maji kwa ukungu, usimwage, maana yatazikusanya pembeni. Kwa joto la Mombasa zitachipua ndani ya wiki moja hadi mbili. Miche ikifikisha majani sita, hamishia mmoja mmoja kwenye chungu chake, mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita kila siku, na uache udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, kwa sababu mizizi yake huoza haraka ikikaa katika maji.

Maua yakianza, yakate kwa kucha kabla hayajatoa mbegu, isipokuwa kikonyo kimoja au viwili vya kuhifadhi. Ukiyaacha, mmea hugeuza nguvu zote kwenye mbegu, majani yanakuwa madogo na machungu, na shina linakuwa mti mkavu. Ya kuhifadhi yakaushe kivulini kwenye upepo, kamwe si juani, na uyaweke yakiwa mazima kwenye chombo chenye kifuniko. Yasage siku unapoyachemsha.

Kuna njia fupi zaidi, nayo ndiyo niliyopewa na Ba siku tulipohama Tanga. Alikata tawi lisilo na maua, la urefu wa kiganja, akapukutisha majani ya chini na kuliacha na majani manne ya juu, akalitia katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa maji. Kila siku nilibadilisha maji. Siku ya tisa niliona vinyuzi vyeupe vikitoka kwenye pingili ya chini, vifupi kama punje ya mchele, na ilipofika siku ya kumi na tano nikaupanda. Ninao watoto wa mmea huo hadi leo. Wa sasa umesimama kwenye debe karibu na mlango wa jiko, na asubuhi hii nimekata matawi matatu na kuyatia majini. Yakitoa mizizi nitayaleta Mombasa mwezi ujao ninapokuja kwa dada yangu, mojawapo ni lako.